Sura ya Sita: Bomba Linasuuzwa Wapi?

Abiria wa basi la kutoka Moshi kwenda Tanga huiona Same kuwa nchi ya vumbi na mibuyu. Milima iko kushoto kwake, nyika iko kulia, na katikati mna barabara, reli na mji unaosubiri mvua. Ukame huo umetengenezwa na milima yenyewe. Mawingu ya Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki, humwaga sehemu kubwa ya mzigo wake juu ya msitu wa Chome, na yakishavuka kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, hayana tena cha kumpa mtu wa mjini. Kwa hiyo maji ya Same kwa sehemu kubwa ni maji yaliyoteremka. Upande wa mashariki, Yongoma na Hingilili hushukia Tambarare, kwenye mpunga wa Ndungu na mashamba ya Maore na Gonja, kisha bonde zima huelekea mto Mkomazi. Upande wa magharibi, vijito kama vile vya Vudee hukimbilia Makanya, na mara nyingi mchanga huvinywa kabla havijaufikia mto Pangani.

Katika nchi ya namna hii mtu halimi bila kupatana na jirani. Ndiyo maana Wapare wana ndiva. Ndiva ni bwawa dogo, zamani la udongo na siku hizi mara nyingi la saruji, linalojazwa usiku kutoka kijitoni na kufunguliwa asubuhi. Maji ambayo yangepita bure watu wakiwa wamelala hutoka kwa nguvu ya kuyafikisha shamba la mbali. Ndiva ya Manoo pale Bangalala imefuatiliwa na watafiti wa maji kutoka ndani na nje ya nchi, na kinachovutia katika habari zake ni utaratibu kuliko ujenzi. Kuna zamu na kuna kamati. Kuna msaragambo wa kuzibua mfereji, na asiyetokea hutozwa. Kuna mapatano kati ya watu wa juu na watu wa chini, ambayo huvunjwa kila mwaka wa ukame na kufungwa upya.

Sheria hizo, kwa asili yake, zinahusu kiasi cha maji na saa ya kuyapata. Kilichomo ndani ya maji hakikuwa na sababu ya kugombewa. Kibaya zaidi ambacho jirani wa juu angeweza kukuletea kilikuwa tope na kinyesi cha ng'ombe, na vyote viwili shamba lilivipokea kwa furaha.

Sumu ya kiwandani iliingia Upareni kwa mlango wa afya, si wa kilimo. Kati ya 1954 na 1959, Upare ya Kusini na Taveta ng'ambo ya mpaka zilikuwa uwanja wa jaribio kubwa lililojulikana kama Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta. Wataalamu wa taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara, wakiongozwa na Bagster Wilson, walitaka kujua kama kupulizia kuta za nyumba pekee kungeweza kukata malaria katika nchi ya vijijini. Dawa waliyoichagua ilikuwa dieldrini. Nyumba zilipuliziwa ndani, kuta na dari, awamu baada ya awamu, na matokeo yake hayana ubishi: mbu walipungua mno, watoto wenye vimelea wakawa wachache, na vifo vya wachanga vikashuka. Atakayebeza mradi ule hajawahi kulea mtoto mwenye degedege.

Lakini dieldrini haiozi upesi. Nyumba ya udongo huanguka, hujengwa upya, na udongo wake hurudi shambani na korongoni pamoja na kilichopulizwa juu yake. Mwaka 2001, Mkataba wa Stockholm ulipoorodhesha kemikali kumi na mbili za kwanza ambazo dunia ilikubaliana kuachana nazo kwa sababu hazioshwi na miaka, dieldrini ilikuwamo. DDT ilikuwamo pia, ingawa kwa upande wa mbu iliachiwa upenyo. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2004.

Milimani kulikuwa na mrututu, ile shaba ya bluu iliyopakwa mibuni dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Shaba ni elementi, haiozi kabisa. Hukaa kwenye udongo wa migombani, na ikisombwa hadi kijitoni huwaumiza samaki na konokono. Bei ya kahawa iliposhuka na wengi kuikatia tamaa mibuni yao, mrututu nao ukapungua. Soko, bila kukusudia, lilifanya kazi ambayo hakuna sheria iliyokuwa imeifanya.

Yaliyofuata ni habari ya bomba la mgongoni.

Mkulima wa leo wa nyanya au vitunguu, awe kando ya Ruvu, Hedaru au Tambarare, hana shamba kubwa. Ana robo eka, nusu eka, pengine eka mbili za kukodi. Ana bomba la lita 16 au 20, duka la pembejeo lenye chupa za rangi zote, na wasiwasi. Wasiwasi huo una sababu. Mwaka 2014 nondo mdogo kutoka Amerika Kusini, Tuta absoluta, alionekana Tanzania kwa mara ya kwanza, katika nyanya za Ngarenanyuki mkoani Arusha, na muda si mrefu kila mlima nyanya alikuwa anamjua kwa jina la Kantangaze. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, ambako dawa inayogusa juu tu haimpati. Kizazi kimoja hukamilika ndani ya mwezi au pungufu, kwa hiyo waliookoka na dawa ya jana ndio wazazi wa wale wa mwezi ujao. Mkulima akiona dawa haifanyi kazi hufanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: huongeza kifuniko kimoja, kisha huchanganya na dawa nyingine.

Tabia hiyo ilikuwapo hata kabla ya Kantangaze. Mwaka 2007 Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wakulima wadogo wa mbogamboga kaskazini mwa Tanzania. Asilimia 59 ya viuatilifu walivyotumia ilikuwa viuadudu, theluthi moja ya wakulima walichanganya dawa tofauti katika bomba moja, na asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa. Ikiwa anayepuliza mwenyewe, mtu mzima wa kilo sitini au zaidi, anatoka shambani kichwa kikimgonga, hali ya kiumbe cha gramu chache kinachopumua yale yale maji yaliyosuuzia bomba haihitaji kubashiriwa. Inaweza kukokotolewa.

Tuchukue lambda-saihalothrini, kiuadudu cha kawaida madukani, chenye gramu 50 za sumu kwa lita. Mkulima anaweka mililita 20 kwenye bomba la lita 16. Hapo ana gramu moja ya sumu halisi. Anapiga mpaka bomba linakohoa. Chini ya kichujio na ndani ya mrija hubaki kama glasi moja, tuseme mililita 200, yaani sehemu moja ya themanini ya alichochanganya: miligramu 12.5. Sasa anakwenda kusuuza, na mahali penye maji ya kusuuzia ni mferejini. Katika vipimo vya maabara, mikrogramu 0.2 hivi za sumu hiyo kwa lita hutosha kuua nusu ya samaki kama trauti ndani ya saa 96. Gawanya mwenyewe. Glasi ile iliyobaki inaweza kuzifikisha lita 62,500 za maji kwenye kiwango hicho. Ni mzigo wa magari sita ya maji ya lita elfu kumi, na bado salio.

Hesabu hii ni ya karatasi na ina huruma zake. Saihalothrini hupenda kung'ang'ania tope na majani, kwa hiyo sehemu kubwa haibaki majini kumfuata samaki. Jua nalo huivunja. Lakini mfereji una ukatili wake pia, maana hauna lita 62,500 za kuipokea ile glasi. Una lita chache tu kwa sekunde, katika upana anaouruka mtoto, na kwa dakika kadhaa maji yanayopita pale ni sumu kwelikweli. Baada ya nusu saa ni maji safi tena. Atakayekuja mchana na chupa ya sampuli ataandika kuwa hakuna kitu.

Hapa ndipo mjadala wetu wa uchafuzi unapokosea njia. Tunapotafuta mkosaji tunaangalia mashamba makubwa, na tunapotafuta ushahidi tunaangalia maji makubwa. Shamba kubwa lina lango, jina na meneja wa kuulizwa. Bwawa kubwa lina boti na barabara ya kufikia. Mfereji wa nusu mita hauna chochote cha hayo, na ndiko perege wadogo, kambale, viluwiluwi na mabuu ya kereng'ende wanakoishi.

Watafiti wa Ujerumani walilithibitisha hili kwa njia iliyostahili kuigwa. Mwaka 2018 na 2019 walifuatilia zaidi ya sehemu 100 za vijito vidogo vya mashambani, na badala ya kuchota tu kwa kalenda waliweka pia mitambo inayochota yenyewe kijito kinapofura baada ya mvua. Asilimia 81 ya vijito vilivuka kikomo cha angalau kiuatilifu kimoja. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona na wakaguzi wenye magari. Waliokuwa wakichota siku za jua walikuwa wanapima maji yaliyokwisha kutulia.

Wazee wa Upareni hawakuhitaji maabara kujua kwamba kinachoua mdudu huua samaki. Utupa ulitumika kwa kazi zote mbili. Majani yake yakipondwa na kutupwa katika dimbwi, samaki huelea. Yakilowekwa na kupuliziwa mazao, wadudu hupungua. Kiini chake ni rotenoni, ambayo huziba kazi ya seli kutumia oksijeni, hivyo samaki hukosa pumzi katika maji yaliyojaa hewa. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza kuvua kwa sumu ya aina yoyote, na inafanya vyema. Lakini utupa una sifa moja ambayo si lazima chupa ya dukani iwe nayo: juani, rotenoni huvunjika ndani ya siku chache. Jamii iliyozoea sumu ya namna hiyo ina haki ya kudhani kwamba dimbwi husamehe.

Endosulfani haikusamehe. Wakulima wengi waliifahamu kwa jina la Thiodan, na uwezo wake wa kuua samaki ulijulikana sana hivi kwamba watu waliigeuza kuwa nyavu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu wavuvi walikuwa wakimwaga sumu za kilimo majini, na viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na Uganda vikaonja maana yake. Endosulfani iliingizwa kwenye orodha ya Stockholm mwaka 2011. Klopirifosi, iliyouzwa miaka mingi kama dawa ya kila kitu, ilifuata mwaka 2025.

Klopirifosi na profenofosi huua kwa njia nyingine, na inafaa kuijua kwa sababu ndiyo njia ile ile inayompa mpuliziaji kizunguzungu. Mshipa wa fahamu hutuma amri kwa kemikali, na kimeng'enya kimoja hufuta amri hiyo ikishatekelezwa. Sumu hizi hukifunga kimeng'enya kile. Amri haifutiki, msuli unaendelea kukaza, na samaki huzunguka juu ya maji akitetemeka mpaka achoke. Aliyepata kidogo asife hukaa mzembe: haoni mdudu wa kula, hamkimbii ndege, hasogei kwenda kutaga. Hafi kwa sumu. Hupungua tu, na hakuna anayeokota mzoga wa kuuonyesha.

Kabla yake hupungua chakula chake. Viroboto maji na mabuu ya wadudu wengi wa majini huathirika kwa viwango vilivyo chini kuliko vya samaki, jambo lisilo la ajabu, maana dawa ilitengenezwa kuua jamaa zao. Miongoni mwao wamo kereng'ende, ambao wakiwa majini hula mabuu ya mbu. Ukiukumbuka mradi wa 1954 utaona kejeli iliyomo: bonde lililopuliziwa nyumba zake ili mbu wafe linaendelea kupulizia mashamba yake na kuwaua wanaowala mbu.

Ndungu ina tatizo lake la pekee. Skimu ile ya mpunga, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980 na yenye hekta zipatazo 680, ni maji yaliyotandazwa. Dawa ya magugu na ya vitobozi wa mashina haiendi kando ya maji. Inawekwa ndani yake. Wakija kwelea kwelea, huletwa ndege ya serikali inayopuliza fenthioni machakani wanakolala, na machaka hayo mara nyingi ni matete ya kando ya maji. Kundi moja linaweza kumaliza jasho la msimu, kwa hiyo simlaumu anayepiga simu wilayani kuomba ndege. Ila fenthioni haichagui ndege wa kuua, na katika Mkataba wa Rotterdam suala la kuiweka kwenye orodha ya tahadhari lilivutwa mkutano baada ya mkutano.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kibinadamu zikae mita 60 kutoka mtoni, ziwani au bwawani. Kila mwenyekiti wa kijiji anaijua namba hiyo. Katika kilimo cha mifereji haina maana sana: maji yanatolewa mtoni kwa mkono wa mtu na kuletwa hadi kwenye shina la nyanya, kisha ziada yake inarudi mtoni. Mto umehamia shambani. Pima mita 60 kutoka wapi?

Kuhusu maji makubwa, tunachokijua kimetoka kwa wanakemia wetu wenyewe. Mwaka 2005 Harieth Hellar na Michael Kishimba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mabaki ya viuatilifu katika maji ya mashamba ya miwa ya TPC na mazingira yake, kusini mwa Moshi. Mwaka 2013 Hellar-Kihampa na wenzake wakapanua uchunguzi hadi bonde la Pangani, katika maji na katika mashapo ya chini. Familia ya DDT na ya HCH ndizo zilizojitokeza zaidi, kemikali ambazo kwa kilimo zilikwisha kupigwa marufuku. Wanakemia wana ujanja wa kusoma umri: DDT iliyozeeka hugeuka kuwa DDE na DDD, na uwiano wa kilichogeuka na kisichogeuka husema kama sumu ni urithi au imeingia majuzi.

Kiasi kidogo majini hakimaanishi kidogo kila mahali. Somo la hilo lilitoka Clear Lake, California, ambako kuanzia 1949 ziwa lilitiwa DDD mara tatu ili kuua visubi. Majini ilikuwa sehemu mbili kwa sehemu milioni mia, na katika mafuta ya ndege waliokula samaki wa ziwa lile ilikutwa sehemu 1,600 kwa milioni. Rachel Carson alikieneza kisa hicho mwaka 1962. Kwa upande wetu, utafiti wa 2014 wa perege wa maziwa Victoria, Tanganyika, Nyasa na Babati ulikuta mabaki ya DDT, lakini si kwa viwango vya kumkataza mtu mboga yake. Nasema hivyo makusudi. Hofu ya kula samaki isichukue nafasi ya hofu ya kuwakosa, hasa kwa kuwa bonde hili lina perege wake: mwaka 1955 Rosemary Lowe aliwaeleza kisayansi kwa mara ya kwanza perege wa Jipe, wa Pangani na wa Korogwe, na yule wa Jipe leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Maji ya Jipe hupita mto Ruvu na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kikuletwa huleta humo maji ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru: kahawa, miwa, mpunga wa Moshi ya chini, nyanya za Arumeru, na mji wa Moshi wenyewe. Kwa miongo mingi hilo lilikuwa jambo la wavuvi. Machi 2025 lilibadilika, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua awamu ya kwanza ya mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochukua maji katika bwawa hilo na kuyaleta bombani. Mji uliokuwa ukinunua maji kwa dumu ulishangilia, na ulikuwa na haki. Mradi una mtambo wa kuyasafisha. Ila kuondoa tope na vijidudu ni kazi moja, na kuondoa kemikali iliyoyeyuka ni kazi nyingine, ya gharama kubwa zaidi, kwa hiyo njia nafuu ni kutoiweka huko juu. Mtu wa Same, ambaye amezoea kuwa juu ya Korogwe, sasa yuko chini ya Arumeru.

Usimamizi wa viuatilifu uko Arusha, kwa mamlaka ya TPHPA iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 na kurithi kazi za TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Inasajili dawa na kukagua maduka. Ofisi ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, iko Moshi, na hushughulika na vibali na vipimo vya mito. Kati ya ofisi hizo mbili kuna mita mbili za ukingo wa mfereji, saa tatu asubuhi, ambapo mtu amevua bomba mgongoni na anatafuta pa kulisuuzia.

Kitaalamu jibu lake ni jepesi hata kuchosha: tia maji kidogo kwenye bomba, tikisa, puliza kwenye mazao yale yale, rudia mara tatu. Chupa nayo vivyo hivyo, na maji yake yarudi bombani wakati wa kuchanganya. Hakuna kinachopotea, maana ile glasi ililipiwa dukani. Kinachokosekana ni ndoo ya maji iliyoletwa shambani kabla ya kuanza, na mtu wa kuuliza iko wapi.

Mtu huyo hatatoka Arusha. Kamati ya ndiva tayari inatoza faini kwa anayeiba zamu, na kuongeza kosa la kusuuzia bomba mferejini kunahitaji kikao kimoja na muhtasari wa ukurasa mmoja. Inacho pia kitu ambacho maabara zote hazina: inajua nani alikuwa na maji Jumanne, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi.